Kabla hujashika kopo la rangi: maswali ya wasomaji

Shikamoo fundi. Nimerudi rivasi nikagonga nguzo, bampa ya IST imebonyea ila haijapasuka. Ni lazima nipige rangi? (Dar es Salaam)

Marahaba. Chemsha maji kwanza. Mwagia maji ya moto palipobonyea, vaa glavu nene, sukuma kwa ndani, kisha mwagia ya baridi. Plastiki hulainika na kurudi. Usijaribu hilo kwenye bati la mlango, utapoteza maji tu.

Kutu chini ya mlango. Fundi alipaka puti (uji mzito wa kusawazisha bati) na rangi, baada ya miezi mitatu pakavimba tena. Nifanyeje mwenyewe? (Tanga)

Huyo hakuondoa kutu, aliifunika. Puti hunyonya unyevu, na hewa ya bahari haina likizo.

Anza na matundu madogo chini ya mlango yanayotoa maji ya mvua. Nina hakika yameziba tope. Yazibue kwa waya, la sivyo kazi yote ni bure. Kisha kwangua kwa msasa namba 80 mpaka bati ling'ae, ukivuka mwisho wa kutu unayoiona kwa sentimita mbili tatu. Bati likiwa limetoboka, hapo ni kukata na kuchomelea jipya. (Nimewahi kufungua mlango nikakuta gazeti limesokotwa tunduni, puti juu yake. Habari za michezo zilisomeka vizuri kabisa.)

Bati likiwa zima, piga praima ya epoksi (rangi ya kwanza inayoshika bati), ikikauka ikwaruze kidogo, ndipo upake puti nyembamba, isizidi milimita 3. Hadina, dawa ya kuigandisha, ni kama gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Changanya kidogo kidogo, maana kwa joto la Tanga itakugandia mkononi. Ukizidisha hadina, doa laweza kujitokeza juu ya rangi. Puti isuguliwe kavu; msasa wa maji, namba 600, subiri mpaka praima ya mwisho inayopigwa juu ya puti.

Nimenunua rangi nyeupe, mbona haifanani na Toyota yangu nyeupe? (Morogoro)

Weupe si mmoja. Tafuta kibati cha chasisi, soma penye C/TR, ndipo ilipo namba ya rangi. 040 ni nyeupe ya kawaida, kopo linaweza kukutosha. 070 ni nyeupe ya lulu: nyeupe ya chini, lulu, halafu klia (rangi ya juu isiyo na rangi, ya kung'arisha na kulinda), na kila mkono wa lulu unaoongeza hubadilisha mwonekano. Hiyo mpe fundi rangi. Ila kama unachotaka kuficha ni mkwaruzo, kwanza pitisha ukucha juu yake. Usipokwama, huenda umeishia kwenye klia. Msasa wa maji namba 2000 na polishi vitatosha.

Barakoa ya hospitali inafaa nikipiga klia? (Arusha)

Haifai. Klia ya kuchanganya na hadina ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Ile karatasi haizuii mvuke wake. Sugua, paka puti, piga praima mwenyewe; klia mwachie mwenye chumba cha rangi na kofia ya kuletewa hewa safi.