Koleza Tarehe, Mengine Yaache

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuweka tangazo la kujiunga kidato cha kwanza kwenye tovuti ya shule moja ya bweni. Kwa hamu ya kuwasaidia wazazi, nikakoleza kila nililoona la maana: ada, sare, godoro, ndoo, tarehe ya kuripoti, namba ya simu. Nusu ya ukurasa ikawa herufi nzito. Wiki ile simu hazikukatika, na wazazi karibu wote waliuliza jambo moja: mtoto aripoti lini? Tarehe ilikuwepo, tena imekolezwa, ila jicho halikuwa na pa kutua.

Siku hizi naandika aya nzima bila kukoleza kitu. Kisha najiuliza: mzazi aliyesimama kwenye daladala, akibahatika kuona maneno machache tu hapa, yawe yapi? Hayo ndiyo nayafungia tagi, yaani alama za HTML (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti) zinazokaa mwanzoni na mwishoni mwa maneno:

`Wanafunzi wataripoti <strong>Jumatatu saa 2 asubuhi</strong>, wakiwa na fomu ya daktari.`

Angalia ule mkwaju (/) kwenye tagi ya kufungia. Ukiusahau, herufi nzito zitashuka hadi aya zinazofuata.

Wengi huuliza tofauti ya `<b>` na `<strong>`, maana kwa macho ni zilezile. Katika HTML5, toleo la tano la HTML, `<strong>` ni ya jambo muhimu au la haraka, kama onyo au tarehe ya mwisho. Tagi ya `<b>` ni ya kuvuta jicho tu, kama jina la bidhaa. Ikiwa ni suala la mwonekano, mfano safu nzima ya bei, natumia CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa: `font-weight: 700`. Unene wa kawaida ni 400. Hakikisha pia fonti uliyoweka ina faili la 700, la sivyo kivinjari kitazinenepesha herufi chenyewe, na kwenye simu ndogo utaona matundu ya "a" na "e" yanaanza kuziba.

Kosa linaloniuma zaidi ni kukoleza mstari ili uonekane kichwa cha habari. Rafiki yangu asiyeona hutumia NVDA, programu inayomsomea kilichopo kwenye kioo. Nilikaa pembeni yake akifungua lile tangazo. Akabonyeza H, kitufe cha kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Programu ikamjibu kwamba hakuna. Akabonyeza tena, jibu lilelile. Mimi niliona "Tarehe" na "Ada" ni vichwa. Kwake yalikuwa maneno kama mengine, kwa sababu NVDA kwa kawaida haitamki kwamba neno limekolezwa. Ikabidi asikilize kila kitu kuanzia juu, sare, godoro, ndoo, ndipo afike kwenye ada.

Usiku ule nilivigeuza vyote kuwa `<h2>`, tagi ya kichwa cha habari, ambayo kivinjari huikoleza bila kuombwa. Kesho yake alibonyeza H mara mbili, akawa kwenye ada.