Antena ya ripita: kabla hujanunua hakikisha mbovu ni ipi

Mkuu, umesema ripita yenu ya VHF (mtambo unaopokea redio za watu na kuzirusha tena ili zifike mbali) inakwaruza upepo ukivuma, antena iliyoko mnarani ni ya faibaglasi ya siku nyingi, na mmeshachanga hela mnunue nyingine kama hiyo ila ndefu zaidi yenye geini kubwa, yaani inayokusanya zaidi mawimbi kuelekea upande unaotakiwa. Nakuomba hizo hela zishikilieni kwanza, maana sisi tulipita njia hiyohiyo na ilitugharimu kupanda mnara mara tatu na karibia miaka miwili ya watu kulalamika.

Yetu ilianza hivi. Hali ikiwa imetulia ripita inafanya kazi vizuri tu, upepo ukianza mtu wa mbali mwenye redio ya mkononi anaingia, anakatwa, anaingia, anakatwa, kama kuna mtu anachezea swichi. Aliye karibu mwenye signali kubwa yeye haoni kitu, kwa hiyo nusu ya watu walikuwa wanabisha kwamba hakuna tatizo. Tukapima SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, 1 ndo safi kabisa) chini kwenye chumba cha mitambo ikasoma 1.3, tukasema antena nzima, tukahangaika na dupleksa (kichujio kinachowezesha kurusha na kupokea kwa antena moja) wiki kadhaa, tunafungua kaviti zake, yaani mikebe ya kuchujia, tunafunga, bure kabisa.

SWR usiiamini peke yake. Kebo yenyewe inakula nguvu, na kadiri inavyokula ndo inavyoficha ubovu wa juu. Kebo ikiwa inapoteza 3 dB, yaani nusu ya nguvu, hata antena ikikatika yote kule juu mita ya chini itakuonyesha SWR ya kama 3 tu, na antena iliyoharibika nusunusu itaonekana safi. Tena mita inakuonyesha nguvu inayorudi, haikuonyeshi kelele, na ripita inauliwa na kelele.

Fikiria kazi tunayoipa hii antena. Transmita inasukuma wati 50 na wakati huohuo, kwenye waya uleule, risiva inatafuta signali ya maikrovolti 0.2 ambayo iko kHz 600 tu pembeni. Dupleksa inachuja kelele inayotoka kwenye transmita, lakini kama kuna kiungo kimelegea baada ya dupleksa, upande wa antena, kinachogusa na kuachia, zile wati 50 zinapita hapo zinazalisha mkwaruzo unaoangukia hadi kwenye masafa ya kupokea, na huo hakuna kaviti itakayouzuia kwa sababu unaingia kama signali halali. Risiva inakuwa kiziwi kila transmita ikiwaka. Kwenye redio ya kawaida ya nyumbani antena hiyohiyo utaitumia miaka usijue ina shida, kwa sababu hurushi na kupokea kwa pamoja.

Kipimo kilichotuokoa ni rahisi. Penyeza signali dhaifu kwa kapla ndogo (kiungo cha kuingizia signali kidogo bila kukata laini) kwenye laini ya antena, ishushe mpaka isikike kwa shida huku transmita imezimwa, alafu washa transmita. Ikizama, ongeza signali mpaka isikike kama mwanzo na uandike umeongeza dB ngapi. Sasa toa kebo ya antena kwenye dupleksa, funga dami lodi (mzigo wa kupimia unaomeza nguvu badala ya antena), rudia. Sisi kwenye dami lodi hatukupoteza kitu, kwenye antena tukapoteza zaidi ya 10 dB na namba ilikuwa inarukaruka na upepo. Baada ya hapo aliyepanda akaenda na dami lodi akaifunga mwisho wa kebo kulekule juu, kimya. Hapo ndo tukajua kebo nzima, antena ndo mgonjwa. Hicho kipimo kifanyeni siku ya upepo, siku imetulia mtadanganyika.

Tulipoishusha tukaipasua kwa msumeno wa chuma. Ndani ni vipande vya shaba vimeungwa kwa lehemu kimoja juu ya kingine, na kiungo cha tatu kutoka chini kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele umezunguka lehemu yote, pembeni yake pameungua peusi. Ukikitazama kimeshikana, ukiutikisa mrija kinaachia. Na hiyo haikuwa ile ya zamani mkuu, hiyo ilikuwa MPYA, ndefu, tuliyoinunua kwa kufuata geini kama mnavyotaka nyie sasa hivi, haikumaliza mwaka wa pili. Mrija mrefu unapinda zaidi kwenye upepo na una viungo vingi zaidi vya kukatika, ndo hivo.

Na geini yenyewe iangalieni vizuri. Kwanza soma kama wameandika dBi (imelinganishwa na antena ya kinadharia inayorusha pande zote sawa) au dBd (imelinganishwa na daipoli, antena rahisi ya fimbo mbili), tofauti ni 2.15, kwa hiyo ya dBi inaonekana kubwa wakati ni ileile. Pili, geini ya antena ya wima inapatikana kwa kubana mawimbi yawe bapa kuelekea upeo wa macho, sasa mkiwa juu ya mlima mrefu mawimbi yanapita juu ya vichwa vya watu walio chini karibu. Ile ndefu yetu ilifanya hivyohivyo, wa bondeni wakapotea kabla hata haijaanza kukwaruza.

Tulichoweka mwishowe ni daipoli nne za kukunjwa zilizo wazi kwenye nguzo ya alumini, aina ya DB-224. Hakuna kilichojificha ndani ya mrija, chuma cha elementi kimeungana na nguzo moja kwa moja kwa hiyo umeme tuli unashuka ardhini taratibu. Ukizizungushia nguzo pande zote unapata kama 6 dBd kila upande, ukizipanga upande mmoja unasukuma zaidi huko na kupunguza nyuma. Ni nzito na inabeba upepo mwingi, mwenye mnara aulizwe kwanza. Na angalia imekatwa kwa masafa yenu ya redio za ridhaa (amateur), nyingi zinazouzwa ni za 150 hadi 160 MHz.

Kebo nayo, msitumie ile yenye foili ya alumini chini ya msuko wa shaba iliyopakwa bati, metali mbili tofauti zinasuguana na mkwaruzo unarudi palepale. Chukueni ya shaba ngumu yenye ganda la mikunjo-mikunjo, nusu inchi au zaidi, konekta ziwe za aina ya N, zile za PL-259 hapana. Kiungo cha juu zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, juu yake tepu ya kawaida, ukimalizia kwa kwenda juu ili maji yateleze.

Fanyeni kipimo cha dami lodi kwanza alafu uniambie mmepoteza dB ngapi, na kama antena itakaa kichwani mwa mnara au ubavuni, maana ikiwa ubavuni umbali kutoka kwenye chuma cha mnara unabadilisha kila kitu.