Maswali ya Wasomaji: Nitrati Isiyoshuka, Povu Lisilopanda

SWALI: Tangi langu la matumbawe lina lita 200 na samaki sita. Kila wiki ninabadilisha asilimia 10 ya maji, lakini nitrati haitoki kwenye miligramu 50 kwa lita. Chujio ni la mkebe, limejaa sponji na mipira ya plastiki, na hulifungua kila baada ya miezi mitatu. Je, niongeze chujio la pili?

JIBU: Usiongeze. Chujio hilo hilo ndilo linalokutengenezea nitrati. Sponji hunasa kinyesi na mabaki ya chakula, lakini kilichonaswa bado kimo majini na kinaoza kwa miezi mitatu. Kuoza huko hutoa amonia. Bakteria walioota kwenye sponji na mipira huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na kazi yao huishia hapo. Mapovu ya naitrojeni hayatoki kwenye sponji inayopitiwa na maji yenye oksijeni tele.

Sasa tazama hesabu ya maji unayobadilisha. Ukitoa asilimia 10 ya maji yenye nitrati 50, umeondoa 5, imebaki 45. Tangi likizalisha 5 ndani ya wiki, siku ya kubadilisha tena unaikuta 50 ile ile. Ukipandisha hadi asilimia 20 kwa wiki, itashuka mpaka 25 na kukwama. Lakini uzalishaji ukipungua kutoka 5 hadi 1 kwa wiki, hiyo hiyo asilimia 10 yako itaifikisha nitrati kwenye 10. Ndiyo maana tunakuomba uanze na uchafu kabla ya kugusa ndoo.

Suuza sponji kila wiki ndani ya maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yenye klorini huua bakteria unaowahitaji. Mipira itoe kidogo kidogo, theluthi moja kila baada ya wiki mbili, na upime amonia siku mbili baada ya kila awamu. Ikionekana hata 0.25, simama hadi irudi sifuri. Mahali pa kuingilia maji weka pamba ya kuchujia na uitupe kila siku ya tatu, hata kama bado inaonekana safi. Faida yote ya pamba ni kwamba uchafu unatoka nayo kabla haujaoza.

Kazi ya bakteria waachie miamba. Jiwe lenye vitundu vingi huwa na bakteria wa aina mbili: walio juu, penye oksijeni, hugeuza amonia kuwa nitrati, walio ndani kabisa, ambako oksijeni haifiki, huvunja nitrati na kuitoa kama gesi ya naitrojeni. Jiwe lililofunikwa na tope haliwezi kazi hiyo, kwa hiyo elekeza pampu moja ya mkondo nyuma ya miamba, na kabla ya kunyonya uchafu wa sakafuni pulizia maji kwenye nyufa ili tope litoke. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe, kichuje, na maji yake uyamwage.

Pima pia maji mapya kabla hayajaingia. Wako wanaobadilisha maji kwa bidii kila wiki huku bomba lenyewe likiwaletea nitrati 20. Na usiharakishe: ikishuka kutoka 50 hadi 10 kwa miezi miwili au mitatu, matumbawe yatazoea.

SWALI: Skima yangu ya protini ina wiki tatu. Kikombe kinajaa maji meupe tu, na siku nyingine povu halipandi kabisa. Imeharibika?

JIBU: Haielekei. Skima ni kifaa kinachosafisha maji kwa povu, na hufanya kazi kwa sababu protini na mafuta yaliyoyeyuka majini hupenda kung'ang'ania mahali hewa na maji vinapokutana. Mapovu madogo sana hupanda nayo hadi kikombeni. Skima mpya husumbua: mabaki ya mafuta ya kiwandani hulivunja povu, ndiyo sababu huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kutulia. Wiki ya tatu tunatafuta sababu nyingine.

Ya kwanza ni kimo cha maji kwenye tangi la chini, lile linalobeba vifaa vya kuchujia. Kikipanda na kushuka kadiri maji yanavyovukiza, skima hufurika leo na kukauka kesho. Iweke kwenye chumba cha tangi hilo ambacho kimo hakibadiliki, kwa kina alichoandika mtengenezaji. Ya pili ni tundu la hewa, ambalo huzibwa na chumvi iliyoganda. Vuta maji ya moto kidogo kupitia mpira wa hewa, na kila baada ya miezi mitatu loweka pampu kwenye siki iliyochanganywa na maji, kisha uisuuze vizuri. Ya tatu ni mikono: losheni, mafuta ya samaki kwenye chakula na gundi ya kushikizia matumbawe huvuruga povu kwa saa nyingi. Usiigeuze-geuze vali kila saa. Rekebisha kidogo, subiri siku moja, ndipo utazame. Kinachotakiwa kikombeni ni maji ya rangi ya chai ya rangi yenye harufu kali.

SWALI: Maji yakipungua, nijazie ya chumvi?

JIBU: Hapana. Maji huvukiza, chumvi hubaki. Jazia maji yasiyo na chumvi, yaliyopita kwenye osmosisi (utando unaozuia chumvi na madini) na resini (chembe zinazonasa madini yaliyobaki), yanayosoma 0 kwenye kipima madini. Ya bomba yanaweza kubeba shaba, na hata kiasi kidogo huua kamba na konokono. Lenga gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, na refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, isawazishe kwa mmumunyo wa 35. Ukiisawazisha kwa maji matupu inaweza kukudanganya pale pale unapoihitaji. Ukitumia kielea cha kujazia chenyewe, pipa la akiba lisizidi lita 10 kwa tangi la lita 200: kikikwama, chumvi itashuka hadi 33 tu.

SWALI: Nitrati 0, fosfati 0, lakini mchanga una ute wa kahawia wenye mapovu, konokono wanakufa na matumbawe yanapauka. Ninatumia chembechembe za oksidi ya chuma kuondoa fosfati.

JIBU: Umechuja kupita kiasi. Dalili hizi zinaelekea dinoflajelata, viumbe vidogo vinavyoshamiri pale washindani wao wanapokosa chakula. Baadhi hutoa sumu, ndiyo sababu konokono wanaondoka kwanza. Matumbawe nayo yanahitaji naitrojeni na fosforasi. Bila hivyo mwani unaoishi ndani ya miili yao hupungua, na rangi pia.

Toa oksidi ya chuma leo. Acha pia siki au sukari kama ulikuwa unalisha bakteria nazo. Skima usiizime, kwa kuwa huingiza oksijeni. Punguza tu kimo cha povu litoke zito na kidogo. Ongeza chakula cha samaki mpaka nitrati ifike 5 na fosfati 0.05, ukipima kila baada ya siku mbili. Ute unyonye kwa mpira mwembamba kupitia mfuko mzito wa kuchujia, maji yarudi tangini, maana kubadilisha maji mengi sasa kutashusha tena virutubisho. Weka kaboni amilifu, gramu 50 hadi 100 kwa lita 200, uibadilishe kila wiki ili ifyonze sumu. Vaa glavu unapoingiza mikono, na usiguse macho.