Jibu: CBR600 kwenye gari la Formula Student, sampu ya pikipiki inatosha?

Haitoshi, msiwashe. Kama injini hiyo ya pikipiki ya Honda imeshafungwa kwenye fremu, ishusheni leo mtoe sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini.

Umeuliza magari haya ya mashindano yanayoundwa na wanafunzi wa vyuo yalianzia wapi, na kwa nini timu nyingi hutumia injini za pikipiki. Halafu ukachomekea kwamba sampu mnaiacha ilivyo, mtaongeza nusu lita ya oili kwa sababu fundi kasema inatosha. Hapo ndipo penye msiba.

Historia ni fupi. Mwaka 1979 kulikuwa na mashindano ya Mini-Indy kule Houston, Marekani, vigari vya injini ya farasi 5. Baadaye Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kikaandaa Formula SAE ya kwanza, mashindano yaliyozaa Formula Student, na wanafunzi wakaachiwa wachague injini wenyewe. Injini ya pikipiki ikashinda: nyepesi, giaboksi imo ndani, na ukomo wa cc 610 uliodumu miaka mingi (sasa ni 710) uliziangukia za cc 600.

Ila pikipiki hulala kwenye kona, gari halilali. Zungusha ndoo ya maji kwa mkono: maji hayamwagiki, yanakandamizwa kitakoni. Ndivyo oili inavyokaa kwenye pikipiki iliyolala. Gari likikata kona kwa g 1.5 (nguvu ya pembeni mara moja na nusu ya uzito wake), uso wa oili unainama nyuzi kama 56, oili yote inapanda ubavuni, na bomba la kunyonya linabaki linavuta hewa. Presha inaanguka kufumba na kufumbua. Beringi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, zinakauka, zinashika, kisha konrodi inatoboa bloku.

Nusu lita haiokoi kitu. Kranki inaanza kuipiga hiyo oili, inageuka povu, na povu halibebi beringi. Aliyetushauri sisi hivyohivyo alikuwa hodari wa pikipiki kweli, lakini hakuwahi kufunga injini kwenye kitu cha magurudumu manne, na hakutwambia. Injini nzima ikaenda chuma chakavu. Mtu asiyejua aseme hajui!

Chomeleeni kuta za bati kuzunguka bomba la kunyonya, zenye vijilango vinavyofunguka kuelekea ndani tu. Bawaba zicheze bure hata oili ikiwa ya moto. Silikoni ya kuzibia sampu ipakwe nyembamba, vipande vyake huziba chujio. Mkikata sampu ili injini ishuke, oili itapungua kina na tatizo litazidi.

Na hili silegezi: hakuna kona kabla ya kufunga sensa ya presha inayorekodi. Taa ya oili ya kiwandani huwaka beringi zimeshakwenda. Oili ikishapata moto, zungukeni duara la skidpad, lile la jaribio la kona kwenye mashindano, kipenyo cha ndani mita 15.25, kushoto kisha kulia. Presha ikizama upande wowote, hata mara moja, zimeni injini mfungue sampu tena.

Nitumie picha ya sampu kwa ndani kabla hamjaifunga.