Wasomaji Wanauliza: Henzirani, Miguu Inayocheza na Kiti cha Enzi

SWALI: Nimerithi viti vinne vya henzirani, yaani vyenye vikalio vya utete mwembamba uliosukwa, viwili vimetoboka. Fundi anataka kupigilia juu kipande kilichosukwa tayari. Nimruhusu? Msomaji wa Tanga.

JIBU: Kikague kwanza kikalio. Ukikuta mfereji umezunguka kwa juu, hicho ni kiti cha kipande kilichosukwa kiwandani. Kipande hubanwa kwa ufito uliotiwa gundi ndani ya mfereji. Ukikuta matundu yametoboa fremu pande zote, kiti hicho husukwa kwa mkono, na misumari juu ya matundu hayo itapasua mbao ambayo haikuwa na tatizo lolote. Hapo usimruhusu.

Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya linalofuata. Nafasi ya milimita 12 au 13 inataka tepe za henzirani za upana wa milimita 2.5, nafasi ya 16 inataka karibu 3, nafasi ya 19 inataka 3.5. Usinunue pana zaidi ukidhani ni imara zaidi, kwa sababu tundu moja litapitisha tepe nne na bado lisubiri ufungio wa ukingo. Kikalio cha kawaida hula mita 75 hivi, basi viti vyote vinne ni kama mita 300.

Kata kikalio cha zamani kwa kuzunguka ndani ya fremu, kitoke kizima. Usikitupe: ndicho kitakachokuonyesha tepe zilikopita. Zibua matundu kwa msumari butu, ukigonga vigingi vya zamani kutoka chini. Matengenezo yote ya mbao, gundi na polishi pia, yamalizike kabla ya kusuka.

Loweka tepe chache katika maji ya vuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, kisha uzifunge ndani ya taulo bichi. Zikishinda majini hufifia rangi na kuchambuka. Upande unaong'aa ukae juu daima, hata unapogeuza tepe chini ya fremu.

Hatua ya kwanza ni mtande, yaani tepe za kutoka nyuma kwenda mbele. Anzia tundu la katikati nyuma, acha mkia wa sentimita 10, ubane kwa kigingi, uvute tepe hadi tundu la katikati mbele, ushuke, upande kwa tundu la jirani, urudi. Kiti kilichopanuka mbele kina matundu ya ziada pembeni mwa mbele: tepe zake huishia kwenye tundu la ubavuni litakaloziweka sambamba na nyingine. Usizilazimishe kufika nyuma. Hatua ya pili ni mshindio, kutoka ubavu hadi ubavu, umelala tu juu ya mtande. Hatua ya tatu ni mtande tena katika matundu yaleyale, juu ya vyote, ukisogezwa kidogo kulia kwa ule wa kwanza. Hatua ya nne ndiyo kusuka kwenyewe: mshindio wa pili hupita juu ya mtande wa hatua ya tatu na chini ya ule wa hatua ya kwanza. Lowesha kwa sponji, kisha sukuma tepe zikae jozi jozi, viraba vya katikati vibaki wazi.

Sasa mshazari, yaani tepe zinazokwenda pembe kwa pembe. Wa kwanza hupita juu ya jozi za mtande na chini ya jozi za mshindio. Wa pili, kutoka pembe ya upande mwingine, hufanya kinyume chake. Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa hujitangaza lenyewe: mshazari uliopita sawa huteleza na kuzama kwenye kona za viraba, uliokosewa hukwama na kukwaruzwa kingo. Ukihisi tepe inakwaruza, fumua mara moja, usisubiri kufika mwisho.

Mikia hufungwa chini kwa kuizungusha mara mbili kwenye tanzi la jirani. Ukingo hufunikwa kwa utepe mpana unaoshikiliwa na utepe mwembamba, tundu moja ndiyo, moja hapana. Usivute kupita kiasi, maana henzirani hukaza ikikauka. Kiti kipumzike siku mbili kabla ya kukaliwa.

SWALI: Mguu wa kiti unacheza. Nipige msumari au nimimine gundi kwenye ufa? Msomaji wa Malindi.

JIBU: Vyote viwili hapana. Gundi mpya juu ya gundi ya zamani haiufikii mti, na msumari hupasua ulimi wa kiungo. Tia tone la maji ya moto penye gundi; ikinata kidoleni ni gundi ya wanyama, na kwa maji ya moto na subira kiungo kitaachia. Kwangua gundi hadi mti uonekane, ila ulimi usiupige msasa, utapungua. Ukipwaya, ugandishe kipande chembamba cha maranda. Paka gundi mpya, rudisha kiungo, funga kamba kuzunguka miguu, ukaze kwa kijiti, pima mishazari miwili ya fremu ilingane, uache saa 24.

SWALI: Kiti chetu cha enzi kimepoteza vipande vyeupe vya nakshi, na kamba za mgongoni zimekatika. Nitafute pembe? Msomaji wa Lamu.

JIBU: Pembe ya ndovu usiitafute kabisa. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na mfupa unafaa vizuri. Huenda hata vipande vyenu ni mfupa: ukiona vidoa vidogo vya vinyweleo vyeusi, si pembe. Chukua muundi wa ng'ombe, usafishe mafuta kwa maji ya sabuni, uukaushe wiki kadhaa, ndipo ukate. Gandisha kwa gundi ya wanyama ili atakayekuja baadaye aweze kubandua.

Kamba zipige picha mbele na nyuma, uhesabu nyuzi za kila upande kabla hujakata hata moja. Tumia uzi wa pamba wa unene uleule. Nailoni huvutika, fundo lake huteleza, nayo hula kingo za mbao.

Na kama kiti kilitengenezwa kabla ya 1895, sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale. Hakitoki nchini bila kibali.

SWALI: Kila asubuhi nakuta unga chini ya kiti. Nipake oili chafu? Msomaji wa Unguja.

JIBU: La. Oili chafu hutia doa la kudumu na kuzuia gundi na polishi kushika. Unga mpya ni dalili kwamba wadudu bado wanabungua, na henzirani yenyewe wanaila. Kitenge kiti hicho na vingine leo. Mbao ipigwe dawa ya wadudu kwa sindano, tundu baada ya tundu, kisha uzibe matundu kwa nta. Tandika karatasi nyeupe chini. Unga ukionekana tena, rudia kabla hujasuka.