Poda kuwa nyeusi sio ushahidi, wadogo zangu

Wiki hii tena kuna mtu kapiga selfi na boti ya tanuru (kile kisahani cha kuchomea poda), eti TiO2, ile titani dioksaidi tunayoitengenezea elektrodi za betri, imetoka nyeusi kwa hiyo "kasoro tumepata". Kasoro yenyewe ni nafasi tupu za oksijeni, sehemu ambazo atomu ya oksijeni imetoka. Hebu tuongee kabla hamjaanza kuchora grafu.

1. Rangi haithibitishi kitu. Ndiyo, tangu ile TiO2 nyeusi ya 2011 kila mtu anaitaka, na ni kweli ukiitoa oksijeni kidogo Ti4+ inakuwa Ti3+ na umeme unapita vizuri zaidi. Ila mimi nilitengeneza yangu kwa sol-jeli (unaanza na kimiminika kinachoganda), nikaipeleka moja kwa moja kwenye gesi ya agoni bila kuichoma kwanza hewani, ikatoka nyeusi tii, nikafurahi mpaka nikawanunulia watu chipsi Mwanjelwa. Nikaunga koini seli (betri ndogo ya majaribio kama sarafu), uwezo wa kutunza chaji ukapanda kuliko ile nyeupe, basi nikaandika sura nzima ya tasnifu nikisifia nafasi tupu za oksijeni. Dada mmoja aliyenitangulia akaisoma, akauliza tu, "TGA umefanya?" TGA ni kupima uzito huku unapasha joto. Nikaipasha hewani, uzito ukashuka. Poda iliyopungukiwa oksijeni ikiirudisha inatakiwa iongezeke uzito, hata kidogo, ya kwangu ilikuwa inaungua kwa sababu ilikuwa na mkaa, mabaki ya butoksaidi ya titani niliyoanzia na pombe yake. Raman (kipimo cha leza) nayo ikaja na vilima vya kaboni karibu na 1350 na 1580 cm⁻¹, sikuwa na pa kujificha. Sura ikafutwa yote. Kinachouma mpaka leo, seli ilikuwa nzuri kweli, ila iliyofanya kazi ni kaboni niliyoiweka bila kujua!

2. Kwenye XPS (eksirei inayong'oa elektroni za atomu), kilima cha O1s, yaani cha oksijeni, pale eV 531 na ushee msikiite nafasi tupu, jamani, atomu ambayo haipo inatoa wapi elektroni? Mara nyingi ni haidroksili na maji, na Mbeya hii mvua za Novemba zikianza ukaacha kichupa wazi utapata kilima cha kutosha ukoo mzima. Pimeni EPR (inanasa elektroni zisizo na mwenza), mtafute ishara ya g ya 2.003, ila kaboni nayo inatoa palepale, kwa hiyo rudini namba 1.

3. Chomeni na sampuli ya kulinganishia, joto lilelile, ndani ya hewa. Najua hamtafanya.

4. Kathodi (upande chanya wa betri) ni kesi nyingine. NMC, oksaidi ya nikeli, manganizi na kobalti, ikipoteza oksijeni ovyo tabaka zinavurugika na volti inashuka. Juzi mmoja kaniambia anataka kuimwagia NaBH4, kemikali kali ya kunyang'anya oksijeni, nikamwambia akanywe chai kwanza, sijamwona tena, na kopo la NaBH4 nalo silioni.