Jibu: Hoteli gani ya safarini hujaisahau?

Ndugu, umeuliza hoteli ipi ya safarini haijatutoka akilini. Yangu ni Emerson on Hurumzi, Mji Mkongwe, Unguja. Jengo ni la karne ya 19, lilikuwa la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Vyumba havifanani, kila kimoja na vitanda na mapambo yake ya kizamani. Ila raha yenyewe iko juu ya paa: unakula umekaa chini kwenye mito, upepo wa bahari unapuliza, huku adhana inapishana na kengele za hekalu la Wahindu. Lifti hakuna na ngazi ni kali kweli, kwa hiyo ukienda na mzazi omba chumba cha chini. Chakula cha jioni weka nafasi mapema, meza hazitoshi.